Mama Nyangeta, Nimevua Skafu

Makoko, Musoma
Jumapili, baada ya ibada

Mama,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumjulia mtu hali. Nimekaa na kalamu hapa mpaka chai imepoa, nawaza wewe nikujulieje hali. Nimeona nianze na ya kwangu. Mimi mjomba wako Mafuru ni mzima, nakula, nabishana na watu, na katika ziwa lote hili hakuna mtumbwi uliotoka mkononi mwangu ukavuja. Hiyo ya mitumbwi uliijua, lakini haichuji.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Nimekwenda kuchukua majibu. Yale ya shingo. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii.

Uliniagiza kwamba siku nitakayokwenda nikuandikie, tena nikuandikie kwa ufupi, nisiongeze chumvi. Majibu nitakupa, usiwe na wasiwasi. Lakini nikianza nayo barua itakuwa mistari miwili, na kutoka Makoko mpaka Butiama ulikolala ni mbali mno kwa mistari miwili. Niache nije polepole. Najua ungesemaje: "Mjomba, hapo umeshaanza kukimbia." Sikimbii, mama. Nazunguka kidogo tu. Hata mtu akija kwetu kuposa haanzi na binti, anaanza na mvua.

Watu wa huku mpaka leo wananiuliza kwa nini mimi mtu mzima, mwenye mvi zangu, nilikuwa namwita mtoto wa dada yangu mama. Nawaambia, yule ana jina la mama yangu mzazi. Siku anapewa jina pale Nyasura, Bunda, alikuwa analia tangu asubuhi, yakatajwa majina ya ukoo mzima, analia tu. Lilipotajwa Nyangeta akanyamaza hapo hapo, akanigeukia mimi na kuniangalia kwa jicho lile lile la mama yangu akiuliza nani amemla sato wa mgeni. Mtoto wa siku nne! Wanashangaa sana. Hiyo hadithi nina la kukuambia juu yake, lakini mbele.

Habari za nyumbani ni hizi. Mama yako hajambo, bado yuko Nyasura, bado ananigombeza kama vile mimi ndiye mdogo, na kweli ndiye mimi. Mumeo Magesa amepanda maua pale ulipolala, nikamwambia mkwe, maua ya rangi hii hata maaskofu hawana, akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Anakula vizuri sasa. Vitabu vyako amevipanga ukutani na hataki mtu aviguse, lakini mimi alinipa kile ulichokiandika mwenyewe nikishike, nikakishika dakika nzima. Kimeandikwa Kiingereza chote, isipokuwa ukurasa wa mwanzoni wa kushukuru, umeniandika jina langu kwa Kiswahili: "Kwa mjomba wangu Mafuru, aliyenifundisha kuuliza mara ya pili." Nimewaonyesha watu wote wa mwaloni, hapa samaki wanaposhushwa. Wengine nimewaonyesha mara mbili.

Mama, udaktari ule nusu yake ni wangu. Usikatae, umeshaandika mwenyewe.

Kwani nani alianza kukufundisha? Ulikuwa na miaka sita hivi, nikakuhadithia yule sangara wangu aliyenivuta na mtumbwi kutoka hapa Makoko mpaka nikaiona Ukerewe kwa macho, mimi nimekaa ndani nakula muhogo. Watoto wote wakashangaa. Wewe ukauliza, "Mjomba, muhogo ulikuwa wa kuchemsha au wa kuchoma?" Nikasema wa kuchoma. Ukauliza, "Moto uliuwasha wapi, na mtumbwi ulikuwa wa mbao?" Nikajua huyu mtoto atakuwa hakimu, au kitu kibaya zaidi ya hakimu.

Ukawa mwanasaikolojia. Huku Makoko nilipata kazi kuwaeleza. "Daktari gani huyo hana sindano?" Nikawaambia, huyu hatibu malaria, huyu anatibu kungoja. Wakacheka. Lakini mimi nilijua ulipolipatia lile wazo, maana nilikuwepo. Ni ule mwaka baba yako alipougua, mwalimu mzima wa shule kalala kitandani pale Nyasura, vipimo vimepelekwa mbali, na sisi wakubwa tumejaa sebuleni tunazungumza habari za pamba. Ukaja katikati yetu na gauni lako la shule ukauliza, "Baba ana nini?" Wote tukakujibu, "Nenda kacheze." Wala hatukukudanganya, hata sisi hatukujua. Lakini hakuna aliyekuambia kwamba hatujui. Baba yako akapona. Swali lako ndilo halikupona. Ukaenda nalo sekondari, ukaenda nalo Dar es Salaam, ukarudi nalo huku Mara na begi la madaftari, ukapanga nyumba Kamunyonge, ukaanza kuwauliza watu: ukiwa umepimwa na hujaambiwa, zile siku za katikati unaishije?

Miaka yote ile ya kazi yako ni hilo tu. Watu wa benchi. Ulikuwa unakaaga nao kwenye benchi la kliniki kama vile na wewe umeandikiwa kipimo. Ukawafundisha manesi wamwambie mtu siku yake ya majibu na jina la atakayemkuta, ukasema, "Mtu akijua siku, ana kitu cha kushika." Mimi nilidhani hayo ni maneno ya kitabuni. Sasa nayajua kwa ngozi yangu, nitafika.

Acha kwanza tucheke ile ya kutafsiri.

Ulipotaka kwenda vijiji vya kwenye rasi, kwa wazee wasiojua Kiswahili, Kikwaya chako kilikuwa cha mtoto wa mwalimu, unasalimia vizuri halafu umeishiwa. Ukanichukua mimi. Nilivaa koti. Na skafu yangu shingoni, ile ya bluu, jua la Musoma linachoma mawe. Ukaniuliza, "Mjomba, skafu kwenye joto hili?" Nikakujibu nilipewa na mzungu niliyemtoa mdomoni mwa kiboko, na nilimwahidi sitaivua. Ukaandika kitu kwenye daftari. Sikupenda.

Tukafika kwa Bibi Nyabise, yule mfupi mwenye sauti ya radi. Ukamuuliza, kwa mdomo wangu, siku zile alipokuwa anangoja majibu ya hospitali alikuwa anafanya nini. Bibi akasema, "Nililima. Siku ikafika, nikaenda." Basi. Akaendelea kumenya muhogo.

Nikakutazama, kalamu yako imenyanyuka inangoja. Nikawaza, mtoto wa dada yangu ametoka Dar es Salaam, ametembea na jua, halafu apewe maneno manne? Nani atampa mtu udaktari kwa maneno manne? Nikakupa: "Anasema alilima mpaka jembe likaisha likabaki mpini, akalima na mpini. Siku ya majibu ilipofika akautupa mpini, akakimbilia porini, ukoo mzima ukamtafuta na ngoma." Ukaandika kurasa mbili. Nilifurahi sana.

Kwa yule mzee mvuvi nako hivyo hivyo. Yeye alisema alikuwa anashona nyavu, mke wake akamwambia twende, wakaenda. Mimi nikakupa mtu aliyepanda mtumbwi akajificha visiwani miezi, anakula samaki furu wabichi, kila akiona boti anadhani ni daktari. Siku nyingi tulizunguka hivyo. Nilikuwa nafanya kazi kubwa, mama! Jioni nachoka kuliko wewe.

Sikujua kile kidude mfukoni mwako kinanasa sauti.

Ukaenda nacho Nyasura, mama yako anachambua dagaa uani, ukakiwasha. Nilikuwepo, nimekuja kula. Nilisikia dada yangu anapiga kelele: "Mungu wangu! Mafuru! Huyu bibi kasema maneno manne, wewe umemjengea ghorofa!" Dagaa zikamwagika. Akawa anacheka huku ananipiga na ungo. Wewe ukanitazama, nikajitetea, "Mama, nilikuwa nakusaidia." Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Halafu ukaacha kucheka. Ukarudisha ile sauti nyuma, ukasikiliza tena, ukamwuliza mama yako kila mmoja alisema nini hasa. Ukachora mstari kwenye daftari. Kazi yote ile ikabidi irudiwe, na wa kutafsiri sasa akawa mama yako, mimi nikapandishwa cheo nikawa mbeba begi, nimekatazwa kufungua mdomo kuanzia getini. Hukunigombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Baada ya wiki moja ukaja hapa mwaloni. Nilikuwa namalizia mtumbwi wa watu, nimeshaziba nyufa kwa pamba, nimeuingiza majini. Unajua ninavyofanyaga: namwaga majivu makavu sakafuni, halafu nakaa pembeni. Panapovuja, majivu yanageuka meusi, hata tone liwe dogo namna gani. Mafundi wengine wanapapasa kwa mkono. Mkono unambembeleza mwenye mtumbwi, majivu hayambembelezi mtu.

Ukakaa na mimi kwenye ukingo. Tukaangalia majivu. Ukasema, "Mjomba, nimesoma upya yale uliyonitafsiria. Wale watu wote walikwenda kuchukua majibu. Wa kwako wote wanakimbia." Ukaendelea: "Bibi Nyabise hakukimbia. Mvuvi hakukimbia. Basi anayekimbia ni nani?" Nikaanza hadithi ya kiboko. Ukanyoosha mkono, ukashika ncha ya skafu, hukuvuta. Ukaishika tu. Ukasema, "Kwenye mtumbwi wa watu unamwaga majivu. Hapa umefunika kitambaa."

Nikakwambia. Wewe peke yako. Kwamba uvimbe ulianza kama punje ya hindi, ukawa kama yai la kanga. Kwamba nilikwenda hospitali ya mjini wakanichoma sindano wakavuta majimaji, wakaniambia siku ya kurudi. Na kwamba siku hiyo nilitoka nyumbani nimevaa vizuri, nikaupita mlango wao nikaenda moja kwa moja mpaka Bunda kumsalimia mama yako, nikamwambia nilimkumbuka. Skafu niliinunua mitumbani pale Bunda siku hiyo hiyo. Mzungu hakuwepo. Kiboko alikuwepo, lakini siku nyingine.

Nilitegemea utanishika mkono unipeleke. Hukunipeleka. Ulisema, "Sitakusukuma, mjomba. Siku utakayokwenda, niandikie. Kwa ufupi. Usiongeze chumvi." Nikaapa kwa jina la mama yangu, yaani jina lako. Na sikwenda. Wiki ikapita, mwezi, mvua, kiangazi. Kila ukija unaangalia shingo, huniulizi kitu, unaongea habari za samaki.

Halafu ukaugua wewe.

Sitaandika mengi hapa. Nilikuwa nakuletea mchuzi wa sato pale Kamunyonge, Magesa ananifungulia mlango. Uliwauliza madaktari kila kitu, uliwaambia kama hamjui niambieni hamjui. Siku ile ya mwisho kuzungumza na mimi ulikunywa vijiko viwili, ukatabasamu, ukagusa skafu. Ukasema, "Mjomba, mimi nimeshajibiwa. Bado wewe." Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya. Mtu alipita akaniambia pole na mafua.

Mazishi yako Butiama, mama, watu walikuwa wengi mpaka ng'ombe wa jirani walikosa pa kupita wakakaa kusikiliza mahubiri. Hapo nimeongeza kidogo, siyo ng'ombe wote. Lakini nataka kukuambia kitu ambacho sikuongeza. Bibi Nyabise alikuja kutoka kule rasini. Akasimama mbele ya watu, na wageni wako wa chuo hawajui Kikwaya, na mama yako kwa machozi yale hawezi kutafsiri, wote wakanigeukia mimi. Mimi! Bibi akasema kwa ile sauti yake: "Aliniuliza. Akangoja nijibu." Akakaa.

Wageni wananitazama. Maprofesa hao, tai nyeusi. Kinywa changu kilikuwa kimejaa, mama. Nilikuwa na mito, radi, malaika wawili tayari. Nikasema, "Anasema: aliniuliza, akangoja nijibu." Wakasubiri niendelee. Nikakaa chini. Dada yangu alinishika goti, akaling'ang'ania mpaka wimbo ulipoisha.

Ungedhani kesho yake nilikwenda hospitali. Wapi! Mwaka mzima umepita, mimi na skafu yangu. Kilichonipeleka ni yule yule bibi. Mwezi wa juzi kanijia hapa Makoko, ana fimbo na kikapu, anasema ana kliniki pale pale hospitali ya mjini, na dirishani hawamwelewi. "Twende unitafsirie. Na maneno yawe yangu, siyo yako." Hata kule kijijini wanajua! Tukaenda. Nesi akamwambia majibu yake, mazuri tu, presha imeshuka, nikamtafsiria neno kwa neno kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Nesi akafunga daftari, akaniuliza kwa heshima, "Na wewe baba, una jina hapa?" Nikasema hapana, mimi mzima, mimi nimewahi kusukuma lori. Bibi Nyabise hajui Kiswahili, lakini alielewa. Akainua fimbo yake, akaigusisha kwenye skafu mbele ya benchi zima, akasema kwa sauti ya radi, "Na hiki?"

Nikataja jina langu.

Wakatafuta. Mama, majibu yangu yalikuwepo. Siku zote hizi yamekaa kwenye faili, yameandikwa vizuri kwa wino, yananingoja. Nesi akasoma: wakati ule hawakuona kitu kibaya. Wakati ule! Nilikuwa nimefunga joto shingoni miaka yote, nimekimbia maneno hayo. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga meza. Nikaanza kuinuka niende nikawatangazie watu wa mwaloni. Nesi akasema, "Kaa kwanza, baba. Hayo ni ya zamani. Uvimbe umekua. Inabidi tupime upya." Wakachoma sindano tena. Nikauliza siku. Akaniandikia siku kwenye karatasi, na chini yake jina la daktari nitakayemkuta. Bila kuulizwa! Nikamwuliza nani kakufundisha kuandika na jina. Akasema kuna dada mmoja alikuja hapa kutufundisha, alikuwa anaitwa Nyangeta.

Nikamwambia namjua kidogo.

Wiki tatu, mama. Karatasi ile niliibandika kwenye mlango wangu kwa ndani. Nikajaribu ya Bibi Nyabise, nikalima. Nimelima shamba la muhogo lote mpaka la jirani nikaingia, jirani akadhani nataka kusogeza mpaka. Nikajaribu ya mvuvi, nikashona nyavu za watu. Moyo ukianza kukimbia naangalia karatasi: Jumatano ya tatu, daktari fulani. Kweli ni kitu cha kushika. Na siku mbili tatu nilikwenda kukaa kwenye lile benchi, bila kuwa na kliniki. Nimekaa tu na wanaongoja. Wananiuliza wewe unangoja nini, nawaambia majibu, siyajui, naogopa. Hayo maneno nilidhani yatanivunja meno. Mama mmoja akasogea akanipa nafasi kwenye kivuli, akasema, "Basi tuko wengi." Nikamhadithia sangara wa Ukerewe. Lakini kwanza nilimwambia hii ni hadithi ya uongo. Mama, ilichekesha zaidi! Benchi zima lilicheka, na mwingine akauliza muhogo ulikuwa wa kuchoma au wa kuchemsha. Nikageuka upesi kuangalia ni nani. Alikuwa mwanamke tu wa Kamunyonge, ana kikapu cha nyanya.

Jumatano ikafika. Bibi Nyabise alikuja, sikumwita. Tukaingia wote wawili. Daktari ni kijana mpole, akasema yale maneno kwa Kiswahili na Kiingereza, nikamwomba arudie, akarudia. Bibi akanivuta shati: "Amesemaje?"

Ilibidi nimtafsirie. Nikamwambia, na wewe nakuambia sasa kama tulivyopatana:

Ni goita. Hakuna kansa. Kuna vidonge vya kila siku, na nipimwe tena baada ya miezi sita.

Bibi akanitazama sana. Akasema, "Ndiyo hayo tu?" Nikamwambia ndiyo hayo tu.

Skafu niliivua pale pale mlangoni. Jua likanigusa shingo, nikasikia kama nimevaa kitu kipya. Uvimbe upo, watoto wa mwaloni wanauangalia, nauacha waangalie. Baada ya miezi sita watasema nini sijui. Daktari naye hajui, nilimwuliza. Tulikaa wote wawili bila kujua, tukaagana vizuri tu.

Sasa ile hadithi ya jina niliyosema iko mbele. Mdogo wako wa Nyasura amepata mtoto wa kike. Juzi tulikuwa kumpa jina, uani pale pale. Alikuwa analia, ana mapafu huyo! Yakatajwa majina, analia. Mama yako akanikonyeza, nikasogea nikasema, "Nyangeta." Wote tunangoja anyamaze.

Hakunyamaza. Akalia zaidi. Watu wakatazamana, shangazi mmoja akasema labda siyo lake, tujaribu lingine. Zamani ningesema kanyamaza, kanigeukia, kanitazama kwa jicho la mama. Nikasema, "Hajanyamaza. Hatujui kama ni lake. Tumwite hivyo hivyo." Na tumemwita hivyo.

Maana hata wewe, mama, hukunyamaza siku ile. Ulilia mpaka mama yako akakunyonyesha. Ile niliiongeza mimi, miaka yote hii, na wewe uliijua, hukunisahihisha hata mara moja.

Pumzika vizuri hapo Butiama. Skafu nimempa Magesa, amefungia maua yako kwenye kijiti yasianguke na upepo. Naahidi haya mawili tu. Siku za hospitali zikifika nitakwenda, na nitaingia mlangoni. Na huyu mdogo akianza kuuliza Nyangeta alikuwa nani, nitamhadithia habari zako kama zilivyokuwa. Za sangara nitaongeza. Zako hazihitaji.

Mjomba wako,
Mafuru, fundi wa mitumbwi, Makoko